Mizani ya Kitanga Kimoja: Mshtakiwa Hana Wakili, Wakili Hana Kazi

Wananchi wenzangu, na ninyi waumini mtakaolisoma jarida hili baada ya ibada: kuna neno linalorudiwa siku hizi katika kila kikao cha wakubwa. Husemwa kwenye harambee, husemwa harusini, husemwa hata matangani, pindi anaposimamishwa kijana na kutambulishwa kuwa amehitimu sheria. Mkubwa hutabasamu, akatikisa kichwa, akasema: "Mawakili sasa wamezidi. Huyu angesomea kitu kingine."

Naandika kulipinga neno hilo. Ni neno la uongo, na tena ni uongo wenye faida kwa wanaousema, kwa maana unaficha deni. Mawakili hawajazidi. Kilichopungua ni nia ya serikali ya kutimiza ahadi iliyoandikwa katika Katiba ya mwaka 2010, kwamba mshtakiwa maskini hataachwa asimame kizimbani peke yake pale ambapo kuachwa peke yake kutaleta dhuluma kubwa. Ahadi hiyo ikitimizwa, kijana wa sheria atapata kazi. Ikiendelea kuvunjwa, tutabaki na njaa mbili zinazotazamana: mshtakiwa asiye na wakili, na wakili asiye na kazi.

NILIYOYAONA KWENYE BENCHI LA NYUMA

Miaka michache iliyopita nilikuwa nimeketi katika mahakama moja ya hakimu huku kwetu Ukambani, nikingoja kesi yangu iitwe. Akasimamishwa kijana aliyekamatwa na magunia ya makaa. Mashtaka yakasomwa, karani akayatafsiri kwa Kikamba, na kijana akaulizwa kama ni kweli. Akajibu: "Ni kweli, lakini..." Hakimu alikuwa na mafaili mengi mbele yake, na kalamu ilikuwa tayari inakwenda. Binti aliyeketi kando yangu, ambaye sikumjua, akanigusa kiwiko, akaninong'oneza: "Wakili, amesema lakini. Hawajamuuliza lakini ni nini."

Nikasimama, nikaomba radhi, nikasema kwamba mshtakiwa hajamaliza jibu lake. Hakimu, kwa uungwana, akaiweka kalamu chini na kumwambia kijana aendelee. Kumbe magunia hayakuwa yake. Alikuwa amechukuliwa kibarua cha siku moja kuyapakia katika lori, na mwenye lori alitoroka askari walipofika. Ikaandikwa kwamba amekana mashtaka, akapewa dhamana ya masharti nafuu, akaenda zake nyumbani.

Mnaweza kudhani nilifanya jambo kubwa. Sikufanya. Tangu mwaka 1973, katika kesi ya Adan, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilieleza namna ya kupokea jibu la mshtakiwa: asomewe mashtaka kwa lugha anayoielewa, maneno yake yaandikwe, aelezwe mambo yanayodaiwa kutendeka, apewe nafasi ya kuyakanusha au kuongeza neno, na akisema jambo linaloonyesha kwamba hakiri kwa kweli, basi iandikwe kuwa amekana. Hiyo ni sheria ya zaidi ya miaka 50. Ilihitaji tu mtu aliyesomea sheria awepo, awe anasikiliza, na asiwe na kazi nyingine asubuhi hiyo.

Nje ya mahakama nilimuuliza yule binti yeye ni nani. Alikuwa na shahada ya sheria na alikuwa anatafuta mahali pa kufanyia uanagenzi. Wakati huo alikuwa akihudumu katika duka la M-Pesa la mjomba wake, na siku asizokuwa na zamu alikuja kuketi mahakamani, "nisisahau nilichosoma." Basi katika chumba kimoja, siku moja, mlikuwa na mtu aliyehitaji mtetezi na mtu aliyejua kutetea, na baina yao hapakuwa na mshahara, wala cheo, wala ofisi, wala sheria ya kuwaunganisha. Hilo ndilo jambo ninalowaletea.

TULIKOTOKA

Yafaa tukumbushane tulikotoka, kwa sababu watawala hutegemea usahaulifu wetu. Katiba ya zamani ilimruhusu mshtakiwa kujitetea mwenyewe au kwa wakili aliyemchagua. Kisha, katika kifungu cha 77, fasili ya 14, ikaongeza kwamba ruhusa hiyo isichukuliwe kumpa mtu yeyote haki ya kulipiwa wakili na umma. Maana yake ilikuwa dhahiri: mwenye fedha atetewe, maskini ajitetee. Dhuluma hiyo haikuwa bahati mbaya. Iliandikwa kwa wino.

Wakereketwa wa zamani wanajua matunda yake. Katika kesi za Mwakenya za mwaka 1986, wengi wa washtakiwa walitolewa katika vyumba vya mateso vya Nyayo House, wakapelekwa mbele ya hakimu jioni baada ya saa za kazi, bila wakili, wakakiri, wakafungwa. Udikteta haukuhitaji kufuta mahakama. Ulihitaji tu mshtakiwa awe peke yake.

Kifungu cha 2A, kilichotufungia katika chama kimoja mwaka 1982, kilipofutwa Desemba 1991, mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Lakini nakumbuka mahubiri. Nakumbuka wazee wakisikiliza redio kwa sauti ya chini. Na nikaja kujua baadaye kwamba nchi hii yetu kavu ya Kitui na Makueni ilitoa zaidi ya fungu lake katika mapambano hayo. Willy Mutunga, mzaliwa wa Kitui, alikuwa mwalimu wa sheria alipowekwa kizuizini mwaka 1982, na mwaka 2011 akawa Jaji Mkuu. Kivutha Kibwana, mwalimu wa sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alikuwa miongoni mwa viongozi wa harakati za katiba mpya mwaka 1997, na kuanzia 2013 hadi 2022 akawa Gavana wa Makueni. Ndingi Mwana a'Nzeki, mwana wa Ukambani, alikemea dhuluma akiwa Askofu wa Nakuru wakati wengine walinyamaza. Hao hawakupigania vyama vingi ili tupate rangi nyingi za fulana wakati wa kampeni. Walitaka mnyonge asikilizwe.

Tarehe 27 Agosti 2010 tukapata Katiba mpya. Kifungu cha 48 kinaitaka serikali ihakikishe kila mtu anaifikia haki. Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa haki ya kupewa wakili na serikali, kwa gharama ya serikali, iwapo dhuluma kubwa ingetokea bila wakili, na haki ya kuarifiwa hivyo mara moja. Fasili ile ya 14 ikazikwa. Tukashangilia, tukaenda nyumbani. Hapo ndipo tulipokosea, kwa sababu tulidhani ahadi ikishaandikwa itajitembeza yenyewe.

KITANGA CHA KWANZA KIMEJAZWA

Tuseme haki ya kila mtu. Upande wa mashtaka, mageuzi yalifanya kazi. Kwa miaka mingi baada ya Uhuru, kesi katika mahakama za mahakimu ziliendeshwa na polisi. Mtu wa kituo kilichomkamata mshtakiwa ndiye aliyesimama kumshtaki. Mwaka 2003, katika kesi ya Elirema, Mahakama ya Rufaa ilisema kwamba kesi iliyoendeshwa na polisi asiyefikia cheo kinachotakiwa na sheria ni batili, na nchi ikatikisika, maana kesi za namna hiyo zilikuwa nyingi. Katiba ya 2010 ikaenda mbali zaidi. Kifungu cha 157 kiliitoa kazi ya mashtaka katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu na kumpa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aliye huru. Mwaka 2013 ikatungwa sheria ya ofisi hiyo, mawakili wakaajiriwa, na idadi yao ikapanda kutoka makumi hadi mamia. Kwa mhitimu aliyetaka kulitumikia taifa katika sheria ya jinai, mlango huo ukawa ndio mlango mkubwa.

Sina kinyongo na jambo hilo. Mtoto aliyenajisiwa anastahili kiongozi wa mashtaka aliyesoma faili yake usiku uliotangulia. Mama aliyeuawa mwanawe anastahili kesi isiyovunjika kwa uzembe. Tena nasema kwamba hata upande huo bado unahitaji watu, kwa kuwa kaunti hizi mbili zina watu zaidi ya milioni 2 kwa hesabu ya mwaka 2019, na Kitui peke yake ni eneo la zaidi ya kilomita mraba 30,000. Wakili wa mashtaka aliyelemewa na mafaili huomba kesi iahirishwe, na kila kuahirishwa ni nauli iliyopotea kwa shahidi aliyetoka mbali.

Lakini mizani ina vitanga viwili. Ukijaza kimoja na kukiacha kingine kitupu, hicho chombo hakipimi tena.

KITANGA CHA PILI KI TUPU

Tazameni upande wa utetezi. Mtu anayeshtakiwa kwa mauaji mbele ya Mahakama Kuu hupewa wakili anayelipwa na umma. Malipo ni haba, lakini wakili huwepo. Mtu anayeshtakiwa kwa wizi wa mabavu, kosa ambalo katika sheria yetu nalo limebeba adhabu ya kifo, hushtakiwa mbele ya hakimu, na huko kwa miaka mingi ameachwa ajitetee. Mwaka 2011 Mahakama ya Rufaa ilisema kwamba, chini ya Katiba mpya, anayekabiliwa na kosa la kupoteza uhai anastahili wakili kwa gharama ya serikali. Mwaka 2016 Bunge likatunga Sheria ya Msaada wa Kisheria, ikaunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria na Mfuko wake, na ikaiagiza mahakama imwarifu mshtakiwa asiye na wakili kuhusu haki yake.

Basi karatasi tunazo. Hakimu humwarifu mshtakiwa kwamba ana haki ya wakili, na mshtakiwa hugeuka nyuma kumtafuta, asimwone. Sheria imeanzisha mfuko, na mfuko usiotiwa kitu ni kitambaa. Hadi leo hakuna ofisi ya watetezi wa umma inayosimama katika kila mahakama kama inavyosimama ofisi ya mashtaka.

Wala tusidhani shida hii ni ya wauaji na majambazi tu. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006, mtu akitiwa hatiani kwa kumnajisi mtoto wa miaka 11 au chini ya hapo, sheria imeweka kifungo cha maisha. Akiwa wa miaka 12 hadi 15, kifungo kisichopungua miaka 20. Ni adhabu kali, na ubaya wa kosa hilo nani asiyeujua? Lakini kesi hizo husikizwa na mahakimu, na aghalabu mshtakiwa ni mtu asiyejua hata kuuliza swali. Akipewa nafasi ya kumhoji daktari, husema, "Sina swali." Hakimu hawezi kumuulizia. Kiongozi wa mashtaka hatamuulizia. Na ikiwa mtu huyo hakutenda, mkosaji wa kweli bado yuko kijijini pamoja na watoto wetu. Hilo nalo mlifikirie.

Kisha yako makosa yaliyozaliwa na ugatuzi. Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015. Kitui ilipiga marufuku biashara ya makaa na uzoaji mchanga mwaka 2018. Mimi naunga mkono ulinzi wa mito na miti yetu. Mto ukikauka sote tunakauka. Lakini ni nani anayekamatwa? Ni mwenye lori, au ni kijana wa kibarua aliyeshika koleo? Ukaguzi wa mfumo wa haki ya jinai uliotolewa mwaka 2017 na baraza la kitaifa la usimamizi wa haki ulithibitisha kile ambacho kila muumini anayetembelea magereza anakijua: wanaojaa humo ni maskini, na wengi huingia kwa makosa madogo.

KIJANA NA SHAHADA YAKE

Sasa mtazameni kijana wetu. Amesoma miaka 4 chuo kikuu. Baba ameuza ng'ombe, mama ameuza mbuzi, chama cha akina mama kimechanga, kanisa limefanya harambee, na bodi ya mikopo inamdai. Hapo bado si wakili. Lazima aende Chuo cha Sheria cha Kenya, alipe karo nyingine, afanye mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria, afanye uanagenzi wa miezi 6, kisha asubiri kuapishwa.

Wakati wa wazee wangu katika taaluma, kijana alitoka Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichoanza kufundisha sheria mwaka 1970, baadaye na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 1994. Walikuwa wachache, na serikali iliwachukua. Leo vyuo vya sheria ni vingi, vya umma na vya binafsi, na vyote hukusanya karo. Milango ya kuingilia imepanuliwa. Ya kutokea imebaki ile ile.

Uanagenzi wenyewe ni aibu ya taaluma yetu, nami siogopi kuisema. Mimi niliufanya katika afisi moja jijini ambayo sitaitaja, na kwa miezi yote 6 sikulipwa hata nauli. Nilibeba mafaili, nilipanga foleni kwenye masjala, na nilikula mara moja kwa siku. Nilivumilia kwa sababu shangazi alinipa kitanda. Asiye na shangazi Nairobi afanyeje? Ndiyo maana mtoto wa Kyuso au wa Tawa, hata awe na akili kama wembe, huanguka njiani, ilhali mtoto wa mwenye nacho hupita. Kisha tunashangaa kwamba mawakili hawakijui kijiji!

Akishaapishwa, tangazo la kazi linamtaka awe na uzoefu wa miaka kadhaa. Ataupata wapi, ikiwa hakuna anayemwajiri bila huo uzoefu? Pengine ataambiwa atafute "mtu wa kumshika mkono." Wananchi, Kifungu cha 232 cha Katiba kinasema ajira ya umma ijengwe juu ya ushindani wa haki na ustahilifu. Kifungu cha 55 kinaitaka serikali ichukue hatua ili vijana wapate kazi. Hakuna kifungu kinachotaja mkono wa kushikwa.

WATATUAMBIA NINI?

Watatuambia, kwanza, kwamba fedha hakuna. Twauliza: rumande hulipiwa na nani? Mtu akikaa ndani miaka kwa kesi ambayo wakili angeimaliza kwa maombi ya dhamana na mahojiano ya nusu saa, chakula chake hulipiwa na nani? Rufaa inapofaulu na kesi kurudiwa upya, mashahidi wakaitwa tena, hasara hiyo huandikwa katika daftari gani? Serikali hulipa tayari. Hulipa kwa njia ya ujinga, na hulipa kuchelewa.

Watatuambia, pili, kwamba vijana hawana uzoefu. Ni kweli, na dawa yake ni usimamizi. Huko Afrika Kusini, shirika la umma la msaada wa kisheria huajiri mawakili kwa mshahara, na wanagenzi wa sheria huwatetea washtakiwa katika mahakama za chini wakisimamiwa na wakubwa wao. Kwa hatua hiyo moja mshtakiwa hupata mtetezi na kijana hupata uzoefu. Huko Marekani, mwaka 1963, mfungwa mmoja wa Florida aitwaye Clarence Earl Gideon aliandika ombi lake kwa penseli gerezani, na Mahakama ya Juu ikasema maskini anayeshtakiwa kwa kosa kubwa lazima apewe wakili. Aliposhtakiwa upya akiwa na wakili, aliachiliwa. Ofisi za watetezi wa umma zikaenea nchini humo. Nazo zina taabu zake, kwa kuwa mara nyingi mafaili huwa mengi kuliko watu. Lakini mtu akilemewa na kazi, walau kazi ipo.

Watatuambia, tatu, na hili litatoka kwenye viti vya kanisa letu wenyewe: "Mnataka kodi yetu iwatetee wezi." Ndugu yangu mpendwa, nani amekuambia ni mwizi? Ukishalijua hilo kabla ya kesi, basi tuvunje mahakama tupunguze gharama. Injili ya Yohana inatusimulia kwamba wakubwa walipotaka kumkamata Bwana, Nikodemo alisimama akawauliza kama torati yao humhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Walimdhihaki, kama tunavyodhihakiwa sisi. Lakini swali lake halijajibiwa hadi leo. Na Mithali, sura ya 31, inatuagiza tumsemee asiyeweza kujisemea. Agizo hilo halikuongeza kwamba kwanza tuhakikishe ni mtu mzuri.

TUNACHODAI

Malalamiko bila madai ni kelele. Haya ndiyo tunayodai.

Kwanza, Mfuko wa Msaada wa Kisheria utengewe fedha za kutosha katika makadirio ya kila mwaka, na Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iajiri watetezi wa mshahara katika vituo vya mahakama. Tuanze na vituo 8 vya kaunti zetu: Kitui, Mwingi, Kyuso, Mutomo, Wote, Makindu, Kilungu na Tawa. Mawakili 2 kwa kila kituo ni 16. Kumi na sita tu! Serikali isiyoweza kuajiri mawakili 16 kwa watu milioni 2 isituambie kwamba mawakili wamezidi.

Pili, uanagenzi ufanywe katika ofisi za mashtaka na za utetezi wa umma, kwa posho ya kumtosha kijana kula na kulala. Bunge liangalie sheria ili mwanagenzi, akiwa na msimamizi wake, aruhusiwe kusema katika maombi ya dhamana na makosa madogo.

Tatu, kila ajira ya umma katika sheria ya jinai itangazwe wazi, na majina ya walioitwa kuhojiwa na ya walioteuliwa yachapishwe pamoja na vigezo vilivyotumika. Giza ndilo shamba la kujuana.

Nne, serikali za kaunti zichangie. Najua haki ya jinai ni kazi ya serikali ya kitaifa. Lakini anayetunga kosa asikwepe gharama ya kosa hilo. Kaunti iliyo na wakili wake wa kuishauri, chini ya sheria ya mwaka 2020, haishindwi kutoa vyumba na vifaa kwa watetezi wa watu wake. Makueni ilipoanzisha mpango wake wa matibabu mwaka 2016, jamaa ikilipa shilingi 500 kwa mwaka, waliocheka walikuwa wengi. Wagonjwa walitibiwa.

Tano, Chama cha Mawakili kiache kuwahurumia vijana kwenye hotuba na kuwatumikisha bure kwenye afisi. Mwezi Juni 2024, vijana walipokamatwa katika maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, mawakili wa kujitolea walizunguka vituo vya polisi usiku kuwatetea. Iliwezekana kwa sababu walipenda. Lakini taifa halijengi haki ya kila siku juu ya kujitolea kwa watu wenye madeni.

Sita, nanyi kanisa. Kila mahakama ina kamati ya watumiaji wake, na viongozi wa dini hualikwa. Nendeni; msiende kufungua kwa sala na kuondoka. Ulizeni kila mkutano: ni washtakiwa wangapi walikosa wakili mwezi huu? Andikeni jibu. Toeni ukumbi wa parokia siku moja kwa juma, wahitimu wetu wakae humo pamoja na wasaidizi wa sheria waliofunzwa, ambao Sheria ya 2016 inawatambua. Kituo cha Sheria kimefanya kazi hii tangu mwaka 1973. Hatuanzi kwenye jangwa.

Na ninyi vijana, mnisamehe neno moja la ukali. Msingoje Nairobi iwaite. Wazee walioleta Katiba hii hawakuitwa na mtu. Jiandikisheni, jikusanyeni, ketini mahakamani, wekeni hesabu ya washtakiwa wasiotetewa, na hesabu hiyo iwe silaha yetu mbele ya Bunge. Anayeijua dhuluma kwa tarakimu hafukuzwi kirahisi.

Makadirio ya fedha hufikishwa Bungeni kabla ya mwisho wa Aprili kila mwaka, na Katiba inalilazimu Bunge kuwasikiliza wananchi kabla ya kuyapitisha. Tusingoje siku hiyo ifike. Kila tawi la harakati hii, na kila kamati ya haki na amani ya kanisa katika Kitui na Makueni, iandike barua moja kwa mbunge wake na kwa seneta wake, ikitaja vituo 8 na mawakili 16. Waulizwe watapiga kura gani, na jibu lao tulisome hadharani mbele ya watu.

Yule binti niliyekutana naye, mara ya mwisho niliposikia habari zake, alikuwa jijini akiandika mikataba ya kuuza viwanja. Ni kazi halali, nami simlaumu, mtu hula. Lakini Jumatatu ijayo, katika mahakama ile, atasimamishwa mwingine, ataulizwa kama ni kweli, naye atajibu, "Ni kweli, lakini..." Nani atakuwa kwenye benchi la nyuma kulisikia hilo neno la pili?